Ufalme wa Osraige kwenye Ukuta wa Nyamasaria

Nyinyi mnaopita na simu mkononi, mkimsikiliza yule mwanamke asiyeonekana akiwaambia mpinde kushoto, hebu simameni kidogo. Mimi nimeichora dunia mara nyingi kuliko yeye. Nimeichora kwenye kuta za shule kutoka Obunga hadi Awasi, nikiwa juu ya ngazi, kopo la rangi likining'inia kwenye ndoano, na mwalimu mkuu kule chini akiniuliza kama Uganda haijawa kubwa mno. Watu wananiita Mama Ramani. Jina langu la ubatizo sasa hutumika kanisani na hospitalini tu.

Magoti yamekataa ngazi, kwa hivyo siku hizi nakaa na kuwachosha watu kwa maneno. Wengine wenu mmeniambia kazi yangu imekufa, kwamba ramani siku hizi inachapishwa kwenye turubai na kupigiliwa misumari. Sawa. Lakini niliona turubai moja ya namna hiyo shuleni, upepo wa ziwa ulipoipiga, Ethiopia ilikunjika ikaangukia Tanzania. Yangu haijawahi kukunjika.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Kamau, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kuuza viatu. Viatu havikununuliwa, akaanza kuwaandikia mabango wale ambao vyao vilinunuliwa, na huko ndiko riziki yake ilikokuwa. Nilipofika kwake nikitaka kazi alinitazama sketi, akatazama ngazi, akasema nirudi na suruali. Nilirudi nayo kesho yake, suruali ya kaka yangu, nimeifunga kwa kamba ya katani.

Siri ya ramani, aliniambia, ni visanduku. Unachora visanduku vidogo juu ya ramani ya kitabu, unachora vingine vikubwa ukutani kwa kamba iliyopakwa chaki, kisha unahamisha kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na haraka. Siku ya kwanza nilianza kuchora Afrika nzima kwa macho, kwa sababu niliijua Afrika, nani asiyeijua, ikatoka na tumbo la mama mjamzito.

"Wewe hapana niletee kichwa yako hapa," Kamau akasema. "Leta macho tu. Hii kisanduku iko na nini ndani?"

"Pwani ya Somalia."

"Hapana. Iko na mstari moja imepinda. Chora hiyo mstari. Wachana na Somalia."

Nawapa hilo bure, vijana, na hata kama hamtawahi kushika brashi litawafaa. Ukishaanza kujua kile unachochora, mkono unaacha kutazama. Nawaambia na mengine madogo. Ukuta uoshe kwa sabuni siku moja kabla, na chokaa ya zamani uikwangue yote, maana rangi haishiki vumbi. Majina yaanzie herufi ya katikati, uende pande zote mbili, usije ukafika mwisho wa ukuta na "Msumbi" mkononi. Na maji yachore mwisho kabisa, kwa sababu bluu hutiririka na kuzamisha nchi za watu.

Hapo kwenye maji nina kisa. Shule moja ya Obunga ilinipa ukuta wenye mlango wa ofisi ya walimu. Nilipima, nikahamisha visanduku vyangu kwa uaminifu wote, na mlango ukaangukia katikati ya Ziwa Victoria. Nilimuuliza mwalimu mkuu tufanye nini, akasema paka tu. Nikaupaka mlango bluu. Kuanzia siku hiyo watoto waliokosea waliitwa ziwani, na mwalimu wa zamu alikuwa akifungua ziwa asubuhi na kulifunga jioni kwa kufuli. Nilipopita pale mwaka jana mlango ulikuwa bado bluu, nikafurahi sana.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za ramani yangu ya mwisho, ambayo haikuwa ya shule wala ya Afrika. Iko Nyamasaria, hapa Kisumu, kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya Mzee Fintan, upande wa barazani.

Mzee Fintan alitoka Ireland akiwa kijana mwenye nywele. Alikuja kufundisha useremala, akampenda Mama Perpetua, binti wa hapa hapa, na habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Mama Perpetua tulishamzika. Mzee mwenyewe bado yupo, mwekundu mpaka masikioni, na Dholuo anayozungumza ingewaaibisha nyinyi nyote mnaojibu nyanya zenu kwa Sheng. Ana mtoto wa kiume, na huyo mtoto naye ana mwana, Ochieng, fundi wa umeme, kijana mrefu mpole asiyejua kusema uongo hata wa adabu.

Ochieng alimpenda msichana anayeitwa Mercy. Mercy alilelewa Awasi na nyanya yake, Dani Dorsila. Dani ni nyanya kwa Dholuo, na huyo alikuwa Dani wa watu wote, mjane aliyelima peke yake na kusomesha peke yake, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa jirani. Mercy alisema wazi kwamba bila baraka ya Dani hataolewa na mtu yeyote. Na Dani alikataa.

Sababu yake niliisikia kwa masikio yangu, kwa kuwa Mercy ni binti wa marehemu rafiki yangu na nilikwenda Awasi kumwombea baraka.

"Kijana ni mzuri," Dani aliniambia. "Anasalimia, anakula, hachagui mboga. Lakini nikiuliza watu wake ni akina nani, naambiwa babu alishuka kwa ndege. Sasa kabla ya hiyo ndege? Mimi siwezi peana mtoto kwa uwanja wa ndege."

Msimcheke. Kwetu kabla ya harusi wazee huuliza. Nani alianzisha dala lenu, yaani boma lenu, na alitoka wapi? Aliwakuta akina nani pale, na mpaka wenu unafika wapi? Ni kwa kujibiwa hivyo wanajua kama mna undugu, na wanajua pia wanawapeleka watoto wao kwa watu wa aina gani. Ukoo hupita kwa baba. Ochieng alikuwa na ukoo wa nyanya yake uliojaa hadi pomoni, lakini upande wa baba palikuwa na mzungu mmoja tu barazani, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nilirudi na jibu hilo. Ochieng aliacha kula. Mercy alikuja kwangu akalia mpaka nikalia naye, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Wiki haikuisha, nikamwona Mzee Fintan mlangoni pangu, kofia mkononi, na karatasi aliyoichora mwenyewe kwa penseli.

"Mama Ramani, nataka unichoree kwetu."

"Ireland?"

"Ireland ni kubwa, Mama. Huko kuna watu wengi si wangu. Mimi ni mtu wa Osraige."

Nilimwekea chai. Alichovya mkate na kunieleza, na niseme ukweli, sijawahi kufurahia chai kiasi kile. Zamani sana, alisema, kabla ya Kiingereza kufika kisiwa kile, kulikuwa na falme nyingi, na mmoja wa zile ndogo ulikuwa Osraige. Maana yake ni watu wa kulungu. Walijihesabu kuwa watoto wa mtu mmoja anayeitwa Aengus. Nchi yao ilikuwa bonde la mto Nore, kutoka milima ya Slieve Bloom huko kaskazini hadi mto Suir unakozunguka kuelekea bahari ya kusini. Mashariki walikuwapo Leinster, watu wakubwa. Magharibi walikuwapo Munster, wakubwa zaidi. Wao walibanwa katikati, wakalipa ushuru mara huku mara kule, na bado hawakumezwa kwa muda mrefu sana.

"Kwa hivyo nyinyi ni Joka-Aengus," nikamwambia. Ndivyo tunavyoita koo zetu hapa, joka fulani, watu wa fulani.

Mkate ukamkatikia ndani ya kikombe. Kisha akacheka mpaka akapangusa macho. "Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniita hivyo."

Dani alikubali kitu kimoja tu. Kabla ya wazee wowote kuzungumza na wazee wowote, yeye mwenyewe angekuja Nyamasaria kuona dala. Tukapanga achorewe jibu ukutani, akae kitini na alisome.

Niliosha ukuta, nikapiga kamba ya chaki, nikahamisha visanduku. Osraige niliipaka kijani, Leinster njano, Munster rangi ya matofali. Slieve Bloom niliipa kivuli kidogo, nikajipongeza. Ilikuwa kazi safi mpaka nilipofika mashariki.

Upande ule kwenye karatasi kulikuwa na mto unaitwa Barrow, na kando yake, ndani kidogo, mstari wa nukta nukta uliokwenda ukipinda juu ya vilima. Niliutazama ule mstari. Nikasema, mkono wa mzee umetetemeka. Haiwezekani. Mimi nimezaliwa nasikia ziwa likipiga. Mtu gani mwenye akili timamu aanzishe ufalme, apande kilima, auone mto kule bondeni, halafu aseme imetosha, maji hayo waachieni jirani? Mipaka ni mito. Nzoia ni mpaka, Nyando ni mpaka, kila mtu anajua. Nikamsahihisha mzee wa watu. Nikapeleka kijani changu kikashuka kilima hadi ukingoni mwa Barrow, kikanywa maji. Kamau angekuwa hai angenirushia brashi.

Nilimaliza asubuhi ile ile ya wageni, rangi bado inanuka. Mzee Fintan alikuwa ndani akihangaika na tai. Alitoka nje akiwa amekunja shingo, Dani Dorsila naye anaingia langoni na Mercy nyuma yake, kwa hivyo waliuona ukuta kwa pamoja.

Tulisalimiana kwa kirefu kama inavyopasa. Ochieng alileta kiti, akakipangusa, akakipangusa tena. Dani akakaa mbele ya ramani, akaweka mkoba mapajani, na hakutaka soda.

"Hii ndio kwenu?" akauliza.

"Hii ya kijani, Mama. Osraige. Watu wa kulungu."

"Na huyu alianzisha dala ni nani?"

"Aengus."

"Alitoka wapi?"

Nilimtazama Mzee Fintan kwa macho ya kumsihi, kwa sababu hapo ndipo mtu hujenga ukoo wake juu kidogo. Yeye akakuna sikio.

"Wazee wa kuandika walimuunga na wafalme wa hawa wa njano, Leinster. Lakini wasomi wengi wanaona waliungwa tu baadaye, wakati walitaka urafiki na wakubwa. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anajua."

Ochieng alifumba macho. Dani akasogeza mkoba.

"Waliwahi kufukuzwa mahali?"

"Walifukuzwa. Huku chini magharibi kulikuwa na uwanda mzuri. Walipigwa, wakatoka. Ile hadithi inasema walikimbia kama kulungu."

"Eeh," Dani akasema. "Hata sisi tulikimbia. Babu ya mzee wangu alifika Awasi akiomba mahali pa kulala. Alikaa kwa shamba ya watu mpaka watoto wake wakasahau kwamba waliomba." Akaelekeza kidevu upande wa pili. "Na huku mashariki, mpaka yenu ni hii mto?"

Mzee Fintan akageuka kutazama upande ule kwa mara ya kwanza. Akasogea karibu. Akavaa miwani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono nyuma, nikingojea sifa.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" Dani akauliza.

"Hiki kipande si chetu. Fundi amekosea. Mpaka wetu ulikuwa huku juu, kwenye mgongo wa vilima, pale maji ya mvua yanagawanyika. Yakitiririka kuja Nore, ardhi ni yetu. Yakishuka kwenda Barrow, ni ya watu wa Leinster. Hapa kuanzia kilima mpaka mtoni ni shamba ya watu."

Nilitamani ardhi ipasuke, iwe ya Leinster au ya nani. Ochieng akamshika babu yake mkono. "Guka," akamwambia polepole, "si uache tu." Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kumwiga jirani yao Mkikuyu. Mercy alikuwa anatazama chini.

Dani Dorsila akasimama. Ni mfupi, mbele ya ukuta ule alifika Suir tu. Akanyoosha kidole mpaka pale kijani kilipogusa maji.

"Hii yote?"

"Hiyo yote."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua, Mama."

"Na hawa watu ya Leinster, wako hapa?"

"Hawako."

"Wako na mtu hapa Kisumu wa kuwasemea?"

"Sidhani."

Ndani sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyekwenda kuipunguzia moto. Nilidhani sasa atachukua mkoba wake. Badala yake alianza kuzungumza, akitazama ukuta, si sisi.

"Mzee wangu akiwa hai, mto ilikuwa ndani ya shamba yetu. Alipokufa, shemeji yangu alikuja kupanda mkonge mpya kwa mpaka. Akasema ile ya zamani imezeeka. Mwaka ikifuata akapanda tena, ndani kidogo. Nikienda kwa wazee, wananiambia Mama, mpaka ni mto, kila mtu anajua mpaka ni mto. Sasa mto iko kwake, na mimi nachota maji kwa kuomba. Nimekaa na watu wengi wamekuja kuomba mtoto, wamevaa suti. Wote wanasema shamba yao ni kubwa. Sijaona mtu anasimama mbele ya wakwe anasema yangu ni ndogo."

Kisha akanigeukia mimi, na sauti ile ya kuita ng'ombe ikarudi mahali pake.

"Wewe. Rangi iko?"

"Iko, Dani."

"Rudisha shamba ya watu kwanza. Ndio tukule."

Nilipanda ngazi nikiwa na gauni langu la kanisani. Mercy alinishikia kopo la njano, Ochieng akashika ngazi, Mzee Fintan akasimama chini akinielekeza, kushoto kidogo, rudi, hapo hapo, fuata mgongo. Nilifunika kijani kisanduku kwa kisanduku mpaka ufalme ukapanda juu ya vilima na kukaa pale ulipopaswa kukaa, mwembamba, bila ule mto wa pili. Kwa namna nisiyoweza kueleza, ulionekana mzuri zaidi.

Dani alikagua. Alikwenda karibu, akarudi nyuma, akakaa kitini kwake na kuomba ile soda.

"Nyathina," akamwambia Mercy, na hilo ni neno la kumwita mtoto wako mwenyewe, "hii nyumba unaweza lala usingizi. Hawa wanachunga shamba ya watu wenye hata hawako."

Ochieng akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa. Mercy alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa aibu, na kina mama wa jirani wakakijibu kutoka upande wa pili wa ua bila kujua habari ni gani. Mzee Fintan alivua tai aliyoihangaikia asubuhi nzima. Alilia waziwazi, na mimi pia, juu ya ngazi, rangi ya Leinster ikinidondokea kiatuni.

Chakula kiliisha. Wakati wa kuondoka Dani alisimama mara moja tena mbele ya ukuta, akapitisha mkono hewani juu ya kile kipande cha njano ambacho bado kilikuwa kibichi.

"Mzee," akamwambia Fintan, "hao watu ya Leinster wakikuja siku moja, waambie shamba yao iko. Tumewachungia."